Kurudi Milimani Baada ya Masika: Kagua Baiskeli Kabla ya Mteremko

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kukagua mwenyewe baiskeli ya milimani iliyokaa muda mrefu bila kutumika, kununua vipuri na huduma za fundi kwa uangalifu, na kudai haki yake pale anapouziwa kisichofaa.

Utangulizi

Masika yanapokatika, njia za Milima ya Usambara huanza kukauka, na wapenzi wa baiskeli huzitoa baiskeli zao stoo. Vijitabu vya maelekezo vinavyoambatana na baiskeli za milimani humshauri mwenye baiskeli kuifanyia matengenezo mwanzoni mwa majira ya machipuko, theluji inapoyeyuka. Kwetu hakuna theluji, lakini shauri hilo linafaa: mwezi Juni ndio machipuko yetu. Kinachobadilika ni adui. Huko baiskeli huhifadhiwa wakati wa baridi kali. Hapa hukaa miezi mitatu katika unyevu na joto, hali ambazo hula chuma na kuzeesha mpira hata gurudumu lisipozunguka.

Mwandishi wa somo hili alijifunza jambo hilo kwa gharama. Mwishoni mwa masika alinunua pedi za breki zenye bei nafuu, zilizofungwa katika boksi lenye jina la kampuni maarufu. Hakuomba risiti. Wiki iliyofuata, katika mteremko wa kutoka Magamba kuelekea Lushoto mjini, sehemu ya kusugua ya pedi ilibanduka kutoka kwenye bati lake. Mkono wa breki ukagusa usukani, na baiskeli ikaishia katika shamba la kabichi la mama mmoja mzee. Kabla ya kuyatazama mazao yake, mama yule alisema, “Pole, mwanangu. Umeumia?” Goti lilipona. Kabichi zililipwa. Duka lililouza pedi zile lilikana kumfahamu mnunuzi, naye hakuwa na karatasi ya kuthibitisha neno lake.

Laiti njiani angekuwapo mtoto, hasara isingepimwa kwa kabichi. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike nyumbani, kabla ya mteremko.

Sehemu ya kwanza: Ukaguzi wa hatua tano

Kazi hii huchukua takribani nusu saa. Huhitaji vifaa zaidi ya kitambaa, pampu na rula.

*1. Breki.* Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, kisha isukume baiskeli mbele. Gurudumu la mbele lisizunguke hata kidogo. Rudia kwa breki ya nyuma: gurudumu la nyuma liburuzike bila kuzunguka. Mkono wa breki ukikaribia kugusa usukani, usiende popote. Kwa breki za waya, kagua waya wote. Uzi mmoja uliokatika au kutu inayotokeza kwenye ncha ya ganda ni sababu ya kuubadilisha. Kwa breki za diski, tazama unene wa sehemu ya kusugua ya pedi: ikibaki milimita moja au pungufu, badilisha. Diski isiguswe na grisi wala mafuta ya mnyororo, kwa maana pedi iliyonyonya mafuta hupoteza nguvu ya kushika. Ikiwa breki zako hutumia mafuta, fahamu aina yake kabla ya kwenda kwa fundi. Yapo mafuta ya aina ya DOT, ambayo hunyonya unyevu, na yapo mafuta ya madini. Aina hizi mbili hazichanganywi wala moja haitumiki mahali pa nyingine, kwa kuwa mafuta yasiyo sahihi huharibu mipira ya ndani ya breki.

*2. Matairi na magurudumu.* Jaza upepo kwa kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kisha iache baiskeli ilale usiku mzima. Asubuhi kagua kama upepo umepungua. Bonyeza ubavu wa tairi kwa vidole utafute nyufa na nyuzi zilizojitokeza. Kama tairi halina tyubu, kumbuka kuwa maji ya kuziba pancha yaliyomo ndani hukauka baada ya miezi michache. Zungusha gurudumu uone kama linayumba, kisha bana spoki mbili mbili kwa mkono. Zinazolegea zikazwe na fundi.

*3. Mnyororo.* Kutu nyepesi ya juu huweza kufutwa na mnyororo kupakwa mafuta. Pingili zilizoganda na kukataa kujikunja ni hatari, kwa sababu mnyororo unaweza kuruka au kukatika unapokanyaga kwa nguvu. Kupima uchakavu, weka alama ya sifuri ya rula katikati ya pini moja na uhesabu pingili 24. Kwa mnyororo mpya, pini ya mwisho huangukia inchi 12 kamili. Ikipita hapo kwa milimita moja na nusu au zaidi, nunua mnyororo mpya. Kuchelewa hula meno ya gia, na gia ni ghali kuliko mnyororo.

*4. Usukani na viungio.* Bana gurudumu la mbele katikati ya magoti na jaribu kuupindisha usukani. Usisogee peke yake. Kisha bana breki ya mbele na uitikise baiskeli mbele na nyuma. Mgongano unaousikia shingoni mwa usukani ni dalili ya kulegea. Mwisho, hakikisha kiti, pedali na ekseli za magurudumu yote mawili vimekazwa.

*5. Kofia ngumu.* Povu gumu lililo ndani ya kofia hupunguza nguvu ya pigo kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi katika hali yake. Kofia iliyowahi kupata pigo kubwa haifai tena, hata kama nje inang’aa. Vivyo hivyo kofia yenye ufa au mkanda usiofunga. Unaponunua mpya, tafuta ndani yake lebo ya kiwango: EN 1078 cha Ulaya au CPSC cha Marekani. Kofia za mtumba ziepukwe, kwa kuwa huwezi kujua zimepitia nini.

Sehemu ya pili: Dukani na kwa fundi

Mlaji mwingi huingia dukani na kusema, “Nipe pedi za breki.” Aseme zaidi ya hapo. Mweleze muuzaji aina ya baiskeli yako na mahali utakapoitumia: “Nataka pedi za baiskeli hii, ninateremka nayo milimani.” Maneno hayo yana uzito kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomjulisha muuzaji wa bidhaa za aina hiyo matumizi anayokusudia, na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Sheria hiyo hiyo inamtaka mlaji awe macho: ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Basi fungua boksi palepale. Linganisha maandishi ya boksi na ya kipuri chenyewe. Herufi zilizokosewa, rangi iliyofifia na bei iliyo chini mno ni dalili za bidhaa bandia.

Dai risiti. Ikiwa muuzaji mdogo hana mashine ya kutolea risiti, akuandikie hati yenye tarehe, jina la bidhaa, bei, jina lake na saini.

Kwa fundi, kubalianeni mambo matatu kabla kazi haijaanza: kitakachofanyika, bei ya ufundi, na bei ya vipuri. Omba urudishiwe vipuri vya zamani. Ndiyo njia rahisi ya kujua kuwa vimebadilishwa kweli. Ukishakabidhiwa baiskeli, rudia jaribio la breki mbele ya fundi. Fundi mwaminifu hatachukia.

Sehemu ya tatu: Ukiuziwa kisichofaa

Acha kukitumia mara moja, lakini usikitupe. Hifadhi kipuri, boksi na risiti, na upige picha. Rudi kwa muuzaji, mweleze tatizo kwa utulivu, na useme unachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha. Akikataa, andika barua fupi na ubaki na nakala. Bila suluhu, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo hushughulikia udanganyifu dhidi ya walaji na bidhaa bandia. Suala la ubora hafifu liripotiwe pia kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Malalamiko yako huweza kumwokoa mtu usiyemjua, ambaye kesho angenunua boksi kama lile.

Sehemu ya nne: Safari ya kwanza

Mwili nao umekaa stoo. Anza kwa nusu ya umbali uliouzoea. Katika miteremko mirefu vidole huchoka kabla ya miguu, na kidole kilichochoka hakibani breki. Breki zisibanwe mfululizo, kwani hupata joto kali. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha achia. Pedi mpya zizoeshwe kwanza kwenye tambarare kwa kupunguza mwendo mara ishirini hivi.

Tairi likiacha mfereji katika udongo, njia haijawa tayari: geuza. Mfereji huo mvua ijayo itaugeuza korongo. Ukienda Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, pitia kwanza ofisini, lipa kiingilio na utunze stakabadhi. Penye mashamba, punguza mwendo na usalimie. Njia hiyo ni ya wenyeji kabla ya kuwa yako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini baiskeli iliyosimama wakati wa masika ihitaji kukaguliwa hata kama ilikuwa nzima ilipohifadhiwa?
2. Mnyororo wako umepita inchi 12 kwa milimita mbili. Utafanya nini, na kwa nini usisubiri?
3. Unanunua pedi za breki. Taja mambo mawili utakayomweleza muuzaji na mawili utakayoyakagua kabla ya kulipa.
4. Je, risiti ya kipuri ulichonunua mara ya mwisho iko wapi sasa?