Akiba Isiyooza: Ufugaji Endelevu na Usalama wa Chakula Katika Kaunti ya Kwale

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Kwa mfugaji wa Kinango, hata hivyo, akiba ina miguu minne. Hula, hunywa, na mvua inapokosa kunyesha hufa machoni pa mwenyewe. Makala haya yanajadili ufugaji katika Kaunti ya Kwale wakati huu wa mabadiliko ya tabianchi. Yanashikilia kwamba chakula cha jamii ya mfugaji hakilindwi na wingi wa mifugo zizini, bali na malisho, maji na afya ya mifugo hao.

Usalama wa chakula unachukuliwa hapa kwa maana iliyokubaliwa katika mkutano wa kilele kuhusu chakula uliofanyika Roma mwaka 1996: watu wote, wakati wote, waweze kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Uzito umo katika maneno "wakati wote". Maziwa ya mwezi Mei, masika yanapopamba moto, hayamshibishi mtoto mwezi Februari.

Kwale ya pwani na Kwale ya nyika

Ukanda wa Diani na Msambweni hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka. Minazi, mikorosho na miembe hustawi, na majani hayakosekani kwa muda mrefu. Ukishavuka Milima ya Shimba kuelekea magharibi, unaingia nyika ya Kinango, ambako mvua ni haba na haitabiriki. Huko ndiko kwenye ng'ombe na mbuzi wengi.

Kila upande una dosari yake. Nyika ina nafasi lakini haina maji. Pwani ina majani, lakini ardhi inazidi kumegwa kwa ujenzi, na vichaka vya Shimba ni makao ya mbung'o waenezao nagana. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kufaulu mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya. Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti 23 za maeneo hayo, na nchini kote mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa.

Hasara haianzi kwa kifo. Ukame unapoingia, ng'ombe hukonda na bei yake hushuka, ilhali bei ya mahindi hupanda. Ng'ombe ambaye angenunua magunia kadhaa kabla ya kiangazi huishia kununua madebe machache. Anayesubiri ili asipunguze kundi hupoteza kundi na chakula pamoja.

Njia za kuhifadhi

Njia ya kwanza ni malisho. Nyasi zikikatwa zinapoanza kutoa maua, zikakaushwa na kufungwa robota, hubaki na virutubishi vingi kuliko zile zinazoachwa zikomae na kukauka zenyewe. Mabua ya mahindi, ambayo aghalabu huchomwa shambani, yanaweza kukatwakatwa na kuhifadhiwa. Huko pwani, lusina na gliricidia hupandwa pamoja na minazi. Majani yake humpa ng'ombe protini na mizizi yake huurutubisha udongo. Mashudu ya nazi nayo ni chakula bora cha ng'ombe wa maziwa.

Njia ya pili ni afya. Watafiti wa kituo cha ICIPE waligundua kwamba mbung'o humwepuka kuro kwa sababu ya harufu yake. Wakatengeneza mikanda ya shingoni inayotoa polepole harufu kama hiyo, na kuwavisha ng'ombe wa wakulima wadogo katika eneo la Shimba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba maambukizi yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ng'ombe waliolindwa walikuwa na uzito zaidi na walilima eneo kubwa zaidi. Hivyo afya ya maksai ikageuka kuwa mahindi ghalani.

Njia ya tatu ni kuuza mapema, wakati mnyama angali mnene, na kubakiza wachache wanaoweza kulishwa. Hoteli za Diani zinahitaji nyama na maziwa kila siku. Nyika ikitoa mifugo na pwani ikatoa malisho na soko, pande hizi mbili zitafaana badala ya kila moja kuteseka peke yake.

Hitimisho

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo zimo mikononi mwa kaunti, na kwa hiyo karibu zaidi na mwananchi. Hata hivyo, maarifa hayamfai mfugaji asipoyaelewa. Hapa msomi wa Kiswahili ana wajibu: kumsaidia afisa ugani kuyaeleza kwa lugha iliyo wazi, na kujifunza istilahi ambazo Wadigo na Waduruma tayari wanazo kuhusu nyasi, magonjwa na majira. Akiba isiyooza ni nyasi iliyokatwa kwa wakati wake, na elimu iliyofika zizini kabla ya kiangazi.