Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Mdogo wangu mmoja ameniuliza: "Dada, tangu nijifungue sijatoka nje ya mkoa, mwaka wa nne huu. Nimedunduliza kidogo, nataka kusafiri tena, ila mwili unasita. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, anayepona homa hapewi biriani siku ya kwanza, hupewa uji. Dubai ya kurusha picha itakusubiri. Kwa sasa nenda mji ambamo utakula taratibu na kutazama taratibu. Mimi nakutuma Kigoma. Mtoto mwachie bibi yake. Siku tano hatakusahau, na huenda ukamkuta amenenepa.

Kabla ya tiketi, tazama mwezi. Sikutanii. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazifui dafu; wavuvi hupumzika, mwalo unapoa. Nenda wakati wa giza. Ulizia pia kama ziwa liko wazi, maana mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Ukifika, alfajiri moja ushuke mwaloni Kibirizi. Simama pembeni uwaone kina mama wakivutana bei juu ya beseni, dagaa wabichi wanameta kama sindano mpya. Ukitaka wakavu, uliza walianikwa wapi. Wa kwenye chanja ni wasafi. Wa chini utawatafuna pamoja na mchanga. Omba mmoja umwonje palepale.

Kisha mtafute mama ntilie mwenye migebuka ya mawese na ugali wa muhogo. Ugali ule unavutika na kunata, si kama sembe uliyoizoea. Lowesha vidole, kata tonge dogo, libonyeze katikati, uchote ule mchuzi mwekundu kabla haujapoa. Na simu iwe mkobani. Wapo watakaomshangaa mwanamke anayekula peke yake mgahawani. Waache washangae mpaka wachoke, wewe ongeza pilipili.

Siku ya pili panda daladala hadi Ujiji, si mbali. Pale penye mwembe ndipo mwanahabari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, na ndani ya makumbusho wamewekwa wote wawili, sanamu za ukubwa wa mtu, wanasalimiana. Wageni wengi hupiga picha wakaondoka. Wewe kaa. Muulize mwongozaji habari za Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumlaki Stanley. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, mtumishi mwenzake Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, safari ya miezi. Ningekuwa mchongaji, ningeanza na hao.

Jioni nenda stesheni. Ni jengo la Wajerumani. Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914. Litazame tao kwa tao, kisha geukia ziwani ulione jua likizama upande wa Kongo. Usifanye kitu kingine. Najua utatamani kupiga simu nyumbani kuuliza mtoto amekula nini. Amekula.

Vitenge vya Kongo vitakumalizia pesa sokoni, kwa hiyo ya nauli ya kurudi ifunge mbali kabisa, usiibebe siku hiyo. Kitandaze kitenge chote juani kabla ya kulipa, ukisogelee, uone michoro inavyokutana kwenye pindo. Mimi hilo nilifanya vizuri. Nilikosea kwenye mawese. Nilinunua dumu la lita tatu, kifuniko kimelegea sikuangalia, nikalilaza begini juu ya vitenge viwili ambavyo sikuwa nimevivaa hata mara moja. Nilipofungua begi nyumbani, cha chini kilikuwa kimepona. Cha juu nakivaa jikoni mpaka leo, maana doa la mawese halijali sabuni gani umetumia. Dumu lako lifunge kwa nailoni na mpira, lisimame wima, ulibane miguuni mwako njia nzima.