Kabla ya Masika, Panda Darini

Wadogo zangu, kila Februari swali linanijia lilelile: "Dada, nyumba ilivuja masika yaliyopita na pesa niliyonayo ni kidogo, nianze na nini?" Wengi wenu mnataka kuanza na rangi, maana sebule imeingia madoa na wageni wanaona. Nawaomba ndoo ya rangi muiache dukani kwanza. Rangi ikipakwa juu ya ukuta wenye unyevu itabanduka kabla mvua hazijakatika, na pesa itakuwa imekwenda. Shilingi ya kwanza iende kwenye njia ya maji.

Tupige hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Sasa chukua paa linalofunika mita za mraba 100, inyeshe milimita 50, kiasi ambacho kwetu Dar es Salaam masika huweza kukimwaga kwa siku moja. Hizo ni lita 5,000 zinazoshuka kwenye nyumba yako peke yake. Kwa hiyo unapozunguka kukagua, swali la kujiuliza kila unaposimama ni hili: maji haya yatapita wapi?

Anza darini, tena mchana jua likiwa kali. Kanyaga kwenye mbao, usikanyage jipsamu, utadondoka nayo. Ukishafika, zima tochi, tulia macho yazoee giza. Tundu lolote la bati litajionyesha kwa mwanga. Weka alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu nalo. Kisha washa tochi utazame mbao zenyewe, ufuate michirizi ya maji. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Maji yakishapenya bati hayadondoki hapohapo, bali huteremka na kenchi mpaka yapate pa kuachia. Doa unaloliona chumbani linaweza kuwa mita mbili tatu kutoka kwenye tundu lenyewe, na ndiyo maana fundi anaziba palepale juu ya doa na mwakani mnaitana tena.

Matundu mengi chanzo chake ni misumari. Bati linatanuka kwa joto la mchana na kusinyaa usiku, siku zote za mwaka, mpaka msumari unalegea. Na ule mpira wa washa nao unakaushwa na jua, unapasuka. Usikubali fundi augongomee msumari uleule kwenye tundu lilelile. Dai skrubu nene zaidi yenye washa mpya ya mpira, na ukiona kutu imeanza kula kingo za tundu, badilisha bati hilo.

Wenye nyumba za paa la kuficha, ninyi nina maneno nanyi ya peke yenu. Najua zinapendeza, na kwenye viwanja vingi vya Kigamboni, Goba na Bunju sasa zimejaa. Lakini paa lile limezungushiwa ukuta, maji yake yote yanakusanyika kwenye mfereji wa ndani na kutokea kwenye matundu machache. Majani ya mwembe na mfuko mmoja wa nailoni vinatosha kuliziba tundu. Maji yakikosa kutoka yanapanda, yanaingia chini ya bati, yanashukia ndani ya nyumba. Paa la kawaida gata ikiziba, maji yanamwagika nje. Hili lako yanamwagika kitandani. Kwa hiyo safisha mfereji huo kabla ya Machi, na masika yakianza usafishe kila wiki. Halafu mwambie fundi atoboe ukuta aweke bomba la dharura, juu kidogo ya usawa wa matundu ya kawaida. Siku utakayoona bomba hilo linatoa maji, ujue kule chini pameziba. Kama pesa yako inatosha kazi moja tu mwaka huu, na paa lako ni la aina hii, fanya hiyo.

Kazi ikiisha, jaribu kwa maji kabla mvua haijakujaribia. Mpira wa maji uanzie chini ya paa, umwage dakika kadhaa huku mtu yuko darini anatazama, ndipo upande juu taratibu. Ukianzia juu maji yatasambaa kote na hutajua yameingilia wapi.

Gata za kawaida ziinamishwe kuelekea kwenye bomba la kushukia, kama sentimita moja kwa kila mita tatu. Maji yakisimama humo, mbu wa dengi amepata pa kuzalia, na mayai yake yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua. Wakazi wa Dar tuliosumbuliwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019 hatuhitaji kuhadithiwa.

Sasa shuka chini uzunguke nyumba. Ardhi iinamie nje, isiinamie kwenye msingi. Rangi inayovimba na chumvi nyeupe sehemu ya chini ya ukuta ni dalili kwamba unyevu unapanda kutoka ardhini, kwa hiyo tafuta maji yanayosimama pale nje kabla ya kufikiria kupiga plasta upya. Nyufa nyembamba za plasta zisikukoseshe usingizi. Ufa unaokatiza mshazari kutoka kona ya dirisha au kushuka kwa ngazi kufuata matofali, huo upe uzito. Andika tarehe kwa penseli kwenye ncha zake mbili. Ufa ukivuka alama ndani ya wiki chache, msingi unacheza, na hapo anatakiwa mhandisi, saruji ya kuziba haitasaidia. Hasa kama umejenga kwenye udongo wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Ukuta wa fensi nao utazame kwa makini, hasa nyumba za mteremkoni. Udongo uliolowa nyuma ya ukuta ni mzito, unausukuma. Ukuta uliokwisha kuinama usingoje, na matundu ya kutolea maji chini yake yazibuliwe. Watoto wasicheze karibu nao siku za mvua, hilo halina mjadala.

Kuna jambo linaniuma kulisema kila mwaka. Shimo la choo linyonywe sasa, gari likiwa bado linaweza kufika kwako. Kuna wanaosubiri mvua kubwa ndipo watapishe choo, mavi yaende na maji ya mtaani. Maji hayo yanapita mlangoni kwa jirani yako wa chini, watoto wake wanayakanyaga kwenda shule, na kisima chake kinayanywa. Kipindupindu tunakijua. Ukimwona mtu anatapisha, kamwambie, na asipokusikia nenda kwa mwenyekiti wa mtaa bila kuona haya. Na bomba lako la maji ya mvua pia usilielekeze kwenye kiwanja cha mwenzako. Kaeni mkubaliane mtaro upite wapi.

Umeme nitausema kwa kifupi: ukiona maji karibu na swichi, soketi au taa ya dari, zima swichi kuu na uite fundi mwenye leseni. Usiguse kitu ukiwa umelowa.

Wapangaji, ninyi pigeni picha za madoa na nyufa leo, mzitume kwa mwenye nyumba kwa maandishi, mkiomba jibu lenye tarehe. Na mwenye nyumba unayelipa fundi, elewana naye mapema mbele ya shahidi kwamba sehemu ya malipo utaibakiza mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Fundi anayeiamini kazi yake atakubali. Akikataa kabisa, tafuta mwingine sasa, wakati mafundi bado wana nafasi, maana mvua zikishaanza kila mtaa utakuwa unawagombania.