Ushanga mmoja tu: Waya na shanga zafichua siri ya selimundu

Na Mwandishi Wetu

MZAZI huambiwa hospitalini kwamba mtoto wake ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi mjini huuita sikoseli. Huelezwa kwa haraka kuwa damu ya mtoto ina kasoro, akaandikiwa dawa, kisha akarudi nyumbani na maswali tele.

Kasoro gani? Imetoka wapi? Nani alaumiwe?

Aghalabu jibu hutafutwa kwa jirani mwenye kijicho au kwa mizimu. Mara nyingine lawama zote huangukia mama, na kuna ndoa zilizovunjika kwa sababu hiyo.

Ilhali jibu limo katika somo la protini. Taabu ni kwamba somo hilo hufunzwa kwa chaki na ubao. Mwanafunzi hukariri majina, akafanya mtihani na kusahau. Juma hili tunaeleza namna mwalimu, au hata mzazi mezani kwake, anavyoweza kulifunza kwa waya na shanga.

Protini ni mkufu

Wengi wetu tukisikia protini hufikiria maharagwe, nyama na mayai. Hatukosei. Lakini mwili wenyewe pia hutengeneza maelfu ya protini, na kila moja ina kazi yake.

Protini ni mkufu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, ambavyo viko vya aina 20. Mkufu huo haukai umenyooka. Hujikunja na kujiviringa mpaka ukapata umbo maalumu, na umbo hilo ndilo huuwezesha kufanya kazi. Ni kama ufunguo: ukipinda, haufungui kufuli.

Himoglobini, protini inayozipa chembe za damu rangi nyekundu, ina mikufu minne. Miwili huitwa alfa, kila mmoja una vipande 141. Miwili mingine huitwa beta, kila mmoja una vipande 146. Jumla ni 574. Kila mkufu umekumbatia chembe ya madini ya chuma, na hapo ndipo oksijeni hubebwa kutoka mapafuni.

Vifaa vinavyohitajika

Kila kikundi cha wanafunzi kipewe waya laini yenye urefu wa mita moja hivi, na shanga kubwa 20: nane za manjano, tano nyeupe, nne nyekundu na tatu za buluu. Rangi zina maana:

Manjano huchukia maji.

Nyeupe hupenda maji.

Nyekundu ina chaji hasi ya umeme, na buluu ina chaji chanya. Zote mbili hupenda maji, na huvutana.

Shanga nane za kwanza zitungwe kwa utaratibu huu, ambao ndio wa mkufu halisi wa beta: manjano, buluu, manjano, nyeupe, manjano, nyekundu, nyekundu, buluu. Zilizobaki zitungwe vyovyote vile, zikiachana kidogo.

Sasa waya ikunjwe kwa kufuata kanuni tatu. Kwanza, shanga za manjano zijifiche ndani, mbali na maji. Pili, kila ya buluu ikaribiane na nyekundu moja. Tatu, ule ushanga mwekundu wa sita ubaki nje peke yake, kwani ndivyo ulivyo katika himoglobini halisi.

Wanafunzi watahangaika. Watakunja na kukunjua, na vikundi viwili havitapata umbo moja. Mwalimu asiwaharakishe, kwa kuwa katika kuhangaika huko ndiko wanakoelewa kwamba mpangilio wa shanga ndio unaoamua umbo.

Asiwepo wa kudhani huu ni mchezo wa watoto. Mwaka 1948, mwanasayansi Linus Pauling wa Marekani, akiwa kitandani na mafua huko Oxford, alichora mkufu wa protini kwenye karatasi na kuikunja mpaka akagundua jinsi protini zinavyojisokota. Max Perutz na John Kendrew, ambao pia walitegemea vielelezo vya kuundwa kwa mikono, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1962 kwa kufichua maumbo ya himoglobini na protini ya misuli inayofanana nayo.

Kubadilisha ushanga wa sita

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mwambie mwanafunzi anyooshe ncha ya waya, avue shanga tano za mwanzo, achomoe ule mwekundu wa sita na kuweka wa manjano mahali pake. Kisha azirudishe zile tano na kuikunja ncha kama ilivyokuwa.

Ushanga uchukiao maji sasa uko nje, majini. Utafanyaje? Utatafuta pa kujificha, na pa karibu ni kwenye kishimo cha manjano cha himoglobini jirani.

Weka kazi za vikundi vyote mezani. Mwalimu akisema "oksijeni ipo", zikae mbalimbali. Akisema "oksijeni imetoka", kila ushanga wa sita uingizwe ubavuni mwa jirani yake. Papo hapo vitu vilivyokuwa vimetawanyika vitakuwa mstari mmoja mrefu.

Hivyo ndivyo hutokea mwilini. Himoglobini zikishatoa oksijeni hushikana na kuwa fito ngumu. Fito hizo huivuta chembe ya damu, iliyokuwa mviringo na laini, ikawa na umbo la mundu. Chembe za mundu huziba mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu makali ya mifupa na kifua ambayo mtoto hulia nayo usiku. Isitoshe, chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali ya mundu huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu.

Haya yote kwa sababu ya ushanga mmoja kati ya 146! Vernon Ingram ndiye aliyeutambua huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1956 na 1957.

Hakuna wa kulaumiwa

Mtoto hupata maelekezo ya kutunga mkufu wa beta mara mbili: kwa baba na kwa mama. Ili augue selimundu yenyewe, sharti apate ushanga uliobadilika kutoka kwa wote wawili. Basi mama hawezi kulaumiwa peke yake, na mchawi hana nafasi hapa.

Mwenye maelekezo mamoja tu yaliyobadilika huitwa AS, na kwa kawaida ni mzima. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba watu wa AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu hali hii ni ya kawaida zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako malaria imekaa tangu jadi. Lakini kwa mtoto wa SS, malaria ni hatari kubwa.

Wazazi wawili wa AS wana uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba. Si kweli kwamba akishazaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watasalimika.

Wengine hushangaa mtoto aliyezaliwa mzima akiugua baada ya miezi kadhaa. Sababu ni kwamba mtoto mchanga hutumia mkufu mwingine badala ya beta. Beta huchukua nafasi yake pole pole, ndipo dalili zikaanza.

La kufanya

Ushanga mwekundu ulikuwa na chaji ya umeme, wa manjano hauna. Tofauti hiyo ndiyo hutumiwa na maabara kutenganisha himoglobini kwa nguvu za umeme na kubainisha AA, AS na SS. Wachumba wanaokusudia kuoana waombe kipimo kinachobainisha hivyo. Kuna vipimo vya haraka vinavyoonyesha tu kwamba ushanga uliobadilika upo, bila kutofautisha AS na SS.

Mtoto mwenye selimundu anywe maji mengi, akingwe na baridi na malaria, apate chanjo zote, na atumie dawa kama atakavyoelekezwa na daktari. Dawa ya haidroksiyurea imewapunguzia wengi maumivu. Akipata homa, akihema kwa shida au akibadilika rangi ghafla, apelekwe hospitali mara moja.

Samaki mkunje angali mbichi. Mwanafunzi aliyekunja waya hii kwa mikono yake leo ndiye mzazi wa kesho, na hatadanganyika kwamba mwanawe amerogwa.