Kupima Shamba kwa GPS Bila Kujidanganya

Ukienda kununua shamba Mkuranga au Kisarawe, ekari moja utahesabiwa hatua 70 kwa 70. Swali ni hatua za nani. Mwenye miguu mirefu, hatua yake ikikaribia sentimita 90, atakupa ekari yenyewe, yaani mita za mraba 4,047 hivi. Dalali mwenye hatua ya sentimita 75 atakukatia kama theluthi mbili yake, na hela atachukua ya ekari nzima. GPS, iwe kifaa cha mkononi au simu yako, itapunguza ubishi huo, mradi ujue pa kuiamini na pa kuitilia shaka.

Kwanza ipe muda. Ili ijue ilipo, inahitaji kupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, nazo ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu. Kifaa kilichokaa kabatini miezi kadhaa kinaweza kumaliza zaidi ya dakika kumi kabla hakijatulia. Simu huwahi kwa sababu inasaidiwa na intaneti. Bando likiisha, usidhani GPS nayo imekufa. Itachelewa kidogo, na itakayokosekana ni ramani, basi ipakue kabisa ukiwa nyumbani.

Kaa peupe. Chini ya mwembe, au ubavuni mwa nyumba ya bati, mawimbi huzibwa au hugonga na kurudi, na alama yako itatangatanga huku wewe umesimama pale pale. Kona ya shamba ikiangukia chini ya mti, sogea hadi penye uwazi, chukua nukta hapo, kisha malizia umbali uliobaki kwa futi kamba. Si aibu, futi kamba bado ni kifaa kizuri.

Wengi hukosea kwa kubonyeza kitufe na kuzunguka mpaka mbio mbio, simu ikiwa mfukoni. Simama kila kona dakika moja au mbili, kifaa kikiwa usawa wa kifua, uangalie ile namba ya usahihi ishuke hadi mita tatu au nne, ndipo uhifadhi. Ipe nukta jina linaloeleweka, «kona ya mnazi» kwa mfano, na uiandike daftarini pia, maana chaji huisha. Ukimaliza, rudia mzunguko. Majibu mawili yakipishana sana, zunguka mara ya tatu.

Ukubwa wa eneo ndio unaoamua kama kazi hii ina maana. Kosa la mita tatu kila upande kwenye shamba la mraba la ekari kumi hubadilisha jibu kwa asilimia tatu tu. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, kosa hilo hilo linageuza mita za mraba 400 kuwa 529. Kwa kiwanja, mimi nisingehangaika na simu hata kidogo.

Ukimtumia mtu namba za mahali, usisahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Dar es Salaam ni -6.8, ukiandika 6.8 peke yake, umempeleka Ethiopia.

Mpaka wenyewe uoneshwe na majirani pamoja na viongozi wa kijiji, kisha upimwe na mpima ardhi aliyesajiliwa. Mashine yake hulinganisha vipimo na kituo ambacho mahali pake panajulikana, ndiyo maana hufika kwenye sentimita. Akikukabidhi orodha ya kodineti, muulize zimetolewa kwa mfumo gani. Ramani za zamani za Tanzania hutumia Arc 1960, simu yako inatumia WGS 84. Ukiziingiza namba za mfumo wa kwanza kwenye simu bila kuzigeuza, utajikuta takribani mita 300 kutoka shambani kwako, ukichimbua kutafuta bikoni, lile jiwe la mpaka, kwenye mihogo ya mtu.