Lebo Mbili Safarini

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, huchukua habari za watu wengi katika nyuzi chache za kioo. Je, habari za benki na za hospitali hazichanganyiki?

Fikiri basi litokalo Masasi kwenda Newala. Utingo husoma maandishi ya nje ya gunia tu: "Newala". Majina ya wenye vifurushi yamo ndani, nayo husomwa gunia lifikapo. Ndivyo ilivyo njia ya lebo, iliyowekewa kanuni mwaka 2001. Pakiti hubandikwa lebo mbili. Ya nje huipeleka mpaka ruta ya mwisho, na namba yake hubadilishwa kituo hata kituo. Ya ndani hutambulisha mtandao wa mteja. Ruta za katikati hazina haja ya kuwajua wateja. Hata wakiwa maelfu, hazilemewi.

Basi hospitali ikikosa majibu ya vipimo, fundi aanzie wapi? Wateja wote wakikwama, achunguze njia na lebo ya nje. Akikwama mmoja, achunguze ruta za mwanzo na mwisho, ambako lebo ya ndani hubandikwa na kusomwa. Ujumbe mfupi ukipita na picha ya eksrei isipite, apime ukubwa: kila lebo ni baiti 4, hivyo pakiti ya 1,500 huwa 1,508. Kituo kimoja kisichopokea zaidi ya 1,500 chatosha kuizuia.

Zoezi: Namba ya lebo ina biti 20. Zapatikana namba ngapi? (Jibu: 1,048,576.)