Masomo Yanapokatika: Hisabati na Sayansi katika Delta ya Rufiji

Tarehe 17 Machi, 2020, Serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa UVIKO-19. Kidato cha Sita kilirejea tarehe 1 Juni. Vidato vingine vilingoja hadi tarehe 29 Juni, yaani siku 104. Je, mwanafunzi hupoteza nini katika muda kama huo?

Hisabati hujengwa kama ukuta: tofali la juu hulikalia la chini. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyekatizwa katikati ya vipeo hakukosa vipeo tu. Alikosa pia mlango wa logarithimu, kwa kuwa 10 kwa kipeo cha 2 ni 100, na logarithimu ya 100 ni hiyo 2.

Pili, kuna kusahau. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, baada ya kujipima mwenyewe, alionyesha kwamba tunasahau upesi sana mwanzoni, kisha polepole. Na kwamba kurudia hupunguza hasara hiyo.

Tatu, sayansi huhitaji mikono. Vipindi vya masomo vilirushwa kwa redio na televisheni, lakini redio haimfundishi mtu kushika bureti. Aidha, katika vijiji vya delta, wilayani Kibiti, ambavyo vingi hufikiwa kwa mtumbwi au mashua, mwanafunzi hawezi kumwendea mwalimu kwa urahisi.

Kwa hiyo shule zinapofunguliwa, mwalimu asikimbilie mada mpya. Kwanza atoe jaribio fupi la misingi, ajue ni tofali lipi limeanguka. Jambo hili halikwisha mwaka 2020: mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti yalitukumbusha kwamba masomo yaweza kukatizwa na maji pia.

Lakini maji hayo hayo ni maabara. Mwanafunzi aliye nyumbani na afanye zoezi lifuatalo, akiwa pamoja na mtu mzima.

Zoezi

Chagua nguzo iliyosimama majini, uitie alama kila baada ya sentimeta 10. Andika kimo cha maji kila saa, tangu asubuhi hadi jioni, kisha chora grafu ya kimo dhidi ya wakati.

Maswali

1. Maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Yakijaa leo saa 12.00 asubuhi, kesho asubuhi yatajaa saa ngapi?

2. Baada ya siku ngapi yatajaa tena karibu na saa 12.00 asubuhi? Linganisha jibu lako na muda kati ya bamvua moja na jingine.

Majibu: (1) Saa 12.50. (2) Siku 15 hivi. Muda huo ndio upitao kati ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nyakati za bamvua.